Maswali Yenu kwa Anti Nesi: "Presha hii kanipa mama?"

Mwezi huu mmeniandikia kweli kweli, na karibu barua zote zinazungukia palepale, malezi na magonjwa. Nadhani ni ile klipu inayotembea kwenye simu za watu, jamaa kavaa koti jeupe anasema kila mwenye presha, sukari au vidonda vya tumbo akamuulize mama yake alimlea vipi. Na mimi nimetumiwa, mara sita, mara ya sita katuma mwanangu mwenyewe sijui alikuwa anamaanisha nini. Basi tuanze na barua ndefu kuliko zote, nyingine nitazijibu kifupi.

*Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa miaka 43, kwetu Mafinga ila naishi Mbeya, nauza mitumba hapa Mwanjelwa. Nina presha toka nina miaka 36 na mwaka jana wakaniambia na sukari imepanda. Anti, nilipokuwa na miaka minne mama alinipeleka kwa bibi kijijini Njombe yeye akabaki na wadogo zangu, sikurudi mpaka nimemaliza la saba na niliporudi hakuwahi kunishika wala kuniita mwanangu, ilikuwa kazi tu na fimbo. Sasa nilipoona ile klipu nililia sana. Krismasi tulipokutana nyumbani nikamwambia mama mbele ya ndugu zangu wote, presha hii umenipa wewe. Hakujibu, aliinuka akaenda jikoni. Kaka zangu hawaniongeleshi mpaka leo. Halafu kuna mtumishi wa Mungu akaniambia nikimsamehe mama kutoka moyoni kabisa presha itaondoka yenyewe, kwa hiyo vidonge nimeacha toka mwezi wa pili na najisikia vizuri tu. Ni kweli mama ndo kanipa ugonjwa? Na nifanyeje naye?*
*Mama wa Mitumba, Mwanjelwa*

Marahaba mwanangu. Ya mama tutayafikia, subiri kwanza, tuanze na vidonge. Umeacha toka mwezi wa pili unasema unajisikia vizuri tu, sasa hapo ndo presha inapoua watu, kwa sababu haisikiki. Nimefanya kazi wodini miaka zaidi ya 30, na wengi niliowapokea mdomo umepinda mkono hauinuki walikuwa wanajisikia vizuri jana yake. Kesho funga meza yako saa moja tu, nenda kituo chochote wakupime presha na sukari, na uwaambie ukweli kwamba uliacha, usione aibu. Usianze mwenyewe na vile vya zamani vilivyobaki kwenye mkoba maana inawezekana wakabadilisha dozi. Na kama utaona kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu, kifua kinabana au upande mmoja unakufa ganzi, usisubiri kesho, nenda saa hiyohiyo hata usiku.

Kusamehe ni kuzuri, na mimi ni mtu wa kanisani sipingi, ila kusamehe hakuko kwenye orodha ya dawa za presha. Mtumishi amekupa dawa ya moyo ule mwingine, huu unaosukuma damu una vidonge vyake.

Haya, sasa mama. Je, malezi yanaweza kuingia mpaka kwenye presha? Jibu langu ni kwamba yule jamaa wa klipu ameshika kitu cha kweli akakivuta mpaka kikakatika.

Ukweli wenyewe ni huu. Kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuna vijana wa kiume waliokuwa wanasoma chuo cha Harvard waliulizwa, pamoja na mambo mengine, uhusiano wako na mama ukoje, na baba ukoje. Wakaacha. Miaka 35 baadaye watafiti wakawafuatilia wakiwa watu wazima wakaangalia vyeti vyao vya hospitali. Wale ambao ujanani walisema hawakuwa na ukaribu wa upendo na mama, asilimia 91 walikuwa na ugonjwa ulioandikwa na daktari, kama presha, moyo, vidonda vya tumbo, ulevi. Waliosema mama alikuwa wa upendo ilikuwa asilimia 45. Ni tofauti kubwa, sitaki kukudanganya kwamba ni ndogo. Ila angalia tena hiyo 45, karibu nusu ya waliopendwa nao waliugua! Na hao walikuwa wanaume tu, wa chuo kimoja cha watu wenye nafasi, na hawakuwa wengi. Mimi mwenyewe nilipendwa na mama mpaka nikaharibika, nilibebwa mgongoni mpaka majirani wanacheka huyu atakuja kuolewa bado yuko kwenye mbeleko, na presha ninayo, nameza kila asubuhi na chai yangu, kwa sababu baba alikuwa nayo na bibi mzaa baba alikuwa nayo na mimi chumvi niliipenda.

Utafiti mwingine mkubwa zaidi ulitoka California, ukaanza kuchapishwa mwaka 1998, wa madaktari wawili, Vincent Felitti na Robert Anda. Felitti alikuwa na kliniki ya kupunguza unene, akashangaa watu wanaopungua vizuri kabisa ndo wanaoikimbia kliniki, akaanza kuwauliza historia zao na nyingi zilikuwa za utotoni, za kuumizwa. Basi wakaja kuuliza watu zaidi ya 17,000, ulipigwa? ulitukanwa? kulikuwa na mlevi nyumbani? mama yako alipigwa? wazazi waliachana? Waliokuwa na mambo manne na kuendelea walikuwa na magonjwa zaidi ya moyo, mapafu, ini, kansa, kuliko wale ambao hawakuwa na hata moja. Na sehemu ya hiyo ilipita njia tunayoijua wote, mtu aliyeumia anavuta sigara, anakunywa, anakula ili atulie. Hiyo haihitaji daktari wa California, nenda kilabu chochote cha ulanzi msimu wa mvua ukasikilize watu wanaongea nini debe la tatu likifika.

Sehemu nyingine inapita ndani kwa ndani. Juu ya kila figo kuna kitezi kidogo, mtoto akiogopa kinamwaga homoni, adrenalini na kotisoli, moyo unakimbia, sukari inapanda kwenye damu, ili aweze kukimbia au kupambana. Ni kitu kizuri kabisa ukikutana na mbwa. Kazi ya mtu mzima aliye karibu ni kumshika mtoto mpaka ile hali ishuke, na mwili wa mtoto unajifunza kushuka kwa kushushwa hivyo mara elfu. Sasa asiposhushwa, mwili unazoea kukaa juu juu, kama gari linaloachwa linaunguruma usiku kucha. Kule New Zealand mji wa Dunedin wamewafuatilia watoto waliozaliwa 1972 na 1973 mpaka leo ni watu wazima, na walipowapima damu wakiwa na miaka 32 waliofanyiwa ukatili utotoni walikutwa zaidi na dalili za mwili unaopigana na kidonda kisichoonekana, na hali hiyo ikikaa miaka inachakaza mishipa.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana utoto wako umechangia. Kuchangia, mwanangu, kama mtu anavyochangia harusi, yuko kwenye daftari lakini si yeye peke yake aliyelisha watu. Umri upo, ukoo upo, chumvi ipo, kukaa kwenye kiti cha mitumba toka saa moja mpaka saa kumi na mbili kupo. Hakuna daktari duniani anayeweza kuchukua presha yako wewe mmoja akasema hii asilimia kadhaa ni ya mama. Hapa Tanzania utafiti wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walishafanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Kama hiyo ingekuwa hukumu basi robo tatu ya nchi wangekuwa wodini, na nani angewapikia uji.

Ila kuna kitu kwenye barua yako umekipita haraka sana mpaka nikarudi kusoma mara ya pili. Bibi. Miaka yote ile uliishi na nani? Umeandika neno moja tu, "kwa bibi", basi. Alikushika? Ulilala naye? Ukiugua nani alikuchemshia majani? Nakuuliza kwa sababu wanasayansi wa Montreal kule Canada walichunguza panya, wako panya mama wanaolamba sana watoto wao na wako wasiolamba, na watoto wa wale wanaolamba wanakua watulivu, homoni zao zikipanda zinashuka upesi. Wakafanya ujanja, wakachukua mtoto aliyezaliwa na mama asiyelamba wakampa yule anayelamba amlee, na yule mtoto akakua mtulivu kama watoto wa mlezi. Panya si watu, najua, ila sisi huku nyanda za juu tulishajua hilo zamani, nusu yetu tumelelewa na mabibi na mashangazi na hatuna upungufu. Sasa kama bibi alikuwa ndo mlambaji wako, basi ile hesabu ya "sikupendwa" uliyoipeleka mezani siku ya Krismasi haijakamilika. Na kama bibi naye alikuwa mkali, basi pole mwanangu, pole sana, hapo nakubali ulibeba mzigo usiokuwa wa umri wako na kuumia kwako ni halali.

Kuhusu kumkabili mama. Mimi sikulaumu kwa kusema, nakulaumu kwa kusema mbele ya watu, siku ya sikukuu, tena kama hukumu ya mahakama. Mama wa kule kwetu wa umri ule, aliyezoea kwamba watoto wanashibishwa hawaambiwi nakupenda, angejibu nini pale mbele ya wakwe na wajukuu? Aliinuka akaenda jikoni. Mimi hilo nalisoma kama jibu, ingawa sijui ni jibu gani, na wewe pia hujui maana hukumfuata.

Nenda mwenyewe, siku ya kawaida, siyo msiba siyo sikukuu. Beba sukari na sabuni. Kaa naye jikoni mmenye viazi, ukimenya macho yanakuwa kwenye kisu na mdomo unafunguka vizuri zaidi. Usimwambie ulinifanya nini, muulize, mama, mwaka ule ulionipeleka kwa bibi hapa nyumbani kulikuwa na nini? Halafu nyamaza. Nimeona wanawake wenye miaka 60 wakipata majibu ya swali hilo ambayo hawakuyategemea, mimba iliyotoka, baba aliyetaka kuondoka, njaa, na nimeona pia wengine wakipata "sikumbuki" wakarudi na basi la mchana. Ukipata hilo la pili usiendelee kugonga mlango. Kaka zako wapigie mmoja mmoja, anza na yule aliye mpole.

Na kliniki ya presha kila mwezi, iwe mama kajibu au hajajibu.

*Anti shikamoo, mimi kijana wa miaka 29 fundi pikipiki Makambako. Baba yangu alikuwa mlevi na mkali sana, nina vidonda vya tumbo miaka mitatu na kila mtu ananiambia ni mawazo ya utotoni. Mawazo nitayatoaje?*
*Fundi*

Marahaba. Wewe mawazo yaache kidogo tuzungumze na tumbo. Zamani hata madaktari walisema vidonda ni mawazo na tindikali, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaonyesha kuna bakteria anaitwa Helicobacter pylori anayekaa tumboni. Watu wakawacheka. Marshall akachukua kikombe akawanywa hao bakteria mwenyewe, mwaka 1984, tumbo likamchafuka kweli, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo nenda upimwe bakteria, kuna kipimo cha choo, ukikutwa naye unapewa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi na uzimalize, siyo siku tatu maumivu yakipungua unaacha. Ukifika mwambie dokta dawa zote ulizokunywa wiki hizi, maana zinaweza kukidanganya kipimo.

Halafu niambie, ukiumwa mgongo kwa kuinama kwenye pikipiki unameza nini? Kama ni diklofenaki au ibuprofeni za dukani kila siku, hizo nazo zinachimba tumbo. Ukiona choo cheusi kama lami au unatapika damu, hospitali siku hiyohiyo.

Mawazo ya baba yapo, siyafuti, na mtu mwenye stresi kidonda kinaweza kumsumbua zaidi. Ila umekaa miaka mitatu na bakteria labda, kwa sababu kila mtu alikuwa anamsingizia marehemu. Au yuko hai? Hukusema.

*Anti mambo ya malezi yananichanganya. Mtoto wangu ana miezi mitano, tuko Tukuyu, mama mkwe anasema nikimbeba kila akilia atadeka, nimuache alie mapafu yakomae. Nikimuacha naumia mimi.*
*Mama Kijacho*

Mapafu yanakomaa yenyewe mwanangu, hayahitaji kelele.

Kuna mama mmoja mtafiti, Mary Ainsworth, miaka ya 1954 na 1955 alikuwa hapo jirani Uganda, akawa anazunguka vijiji vya karibu na Kampala kuangalia akina mama 26 na watoto wao wachanga, anakaa sebuleni anaangalia tu, nani analia, nani anambeba, mtoto anamfuata nani kwa macho. Yaani sehemu kubwa ya haya mambo wanayofundisha Ulaya na Marekani kuhusu mtoto na mama yalianzia kwenye nyumba za wanawake wa huku kwetu, tena hatutajwi. Baadaye akiwa Marekani, yeye na mwenzake wakaandika mwaka 1972 kwamba watoto walioitikiwa upesi miezi ya mwanzo ndo waliolia kidogo walipokaribia mwaka. Kwa hiyo umbebe. Na ile baridi ya Tukuyu na mvua isiyokatika, mtoto wa miezi mitano anaelewa nini zaidi ya mgongo wenye joto?

Ila na wewe usijiue. Siyo kila kilio lazima ufike mbio kama zimamoto, unaosha mikono unamalizia, unamuitikia kwa sauti "nakuja baba", hiyo nayo ni kumjibu. Ukichoka mpaka unataka kumtikisa, mlaze chali sehemu salama utoke nje upumue, usimtikise kabisa. Na mama mkwe usibishane naye, mpe yeye ambebe. Nakuhakikishia mtoto akilia mgongoni kwake hatamshusha.

*Shikamoo Anti. Mimi dereva wa malori, Tunduma mpaka Dar, nakaa nyumbani Iringa siku tatu nne kwa mwezi. Baba yangu hakuwahi hata kunibeba na presha ninayo nikiwa na miaka 38. Mwanangu wa kiume ana miaka saba yuko la pili, nataka nimpeleke bweni apate malezi ya uhakika, mke wangu amekataa katakata. Nani yuko sahihi?*
*Baba wa Barabarani*

Marahaba baba. Mke wako. Na siyo yeye tu, Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, ila shule yenye kibali maalumu. Shule ikikuambia "tunampokea tu mzee wala usiwe na wasiwasi", uwe na wasiwasi.

Lakini nimekipenda kitu kimoja kwenye barua yako, unaona kabisa lililokupata na hutaki limpate mwanao, ila njia uliyochagua inampeleka mbali na mama ili kufidia baba ambaye hayupo. Mtoto atabaki bila wote wawili. Ule utafiti wa Harvard niliomwambia mama wa mitumba uliuliza na habari za baba, waliosema baba hakuwa wa karibu asilimia 82 waliugua, waliosema alikuwa karibu ni 50, kwa hiyo baba unahesabika. Na swali halikuwa baba yako alilala nyumbani siku ngapi, waliulizwa walijisikiaje naye.

Kwa hiyo zile siku tatu. Usizimalize gereji na kwenye mpira. Mpeleke shule kwa miguu, aone lori, akuoneshe madaftari hata kama yana makosa usianze na makosa. Ukiwa njiani piga kila siku saa ileile, dakika tano zinatosha, muulize amecheza na nani siyo amepata ngapi. Ukiona utachelewa kupiga, mwambie mapema, mtoto wa miaka saba anakaa na simu ya mama yake mkononi huku ugali unapoa. Presha yako pima kila ukipita nyumbani, na vidonge vikae kwenye kabati la lori, siyo nyumbani Iringa vikikusubiri.

Na ukirudi Jumamosi alfajiri najua umechoka, lala, ila usilale mpaka saa nane mchana maana huyo mtoto yuko mlangoni toka saa moja.